Mkono ndo unaonekana, ila kinachomsumbua mzee ni kuanza

Swali (nimelifupisha kidogo): "Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 66, ni fundi cherehani huku Muheza. Ilianza miaka mitatu iliyopita, mkono wa kulia ukawa unatetemeka akiwa amekaa tu. Sasa hivi anaburuza miguu, sauti imekuwa ndogo, uso kama kanuna muda wote. Baba mdogo anasema ni mkono wa mtu, wameshampeleka kwa mganga mara mbili. Duka la dawa walimpa benzhexol, mkono ukapungua ila usiku anaona watu chumbani. Juzi daktari kasema ni Parkinson, kaandika dawa ya levodopa, lakini jirani katuambia tusimuanzishe mapema itaisha nguvu, bora unga wa upupu. Kaka anataka kuuza cherehani maana haitumiki. Huu ni ugonjwa gani, unapona, na sisi watoto tutaupata?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Meseji yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja humo ndani sikukiona, nitakwambia huko mwisho. Tuanze na mkono maana kila mtu anaanza na mkono.

Mkono unaotetemeka mtu akiwa ametulia, kauweka mapajani anaangalia taarifa ya habari, halafu akiunyoosha kuchukua kikombe unatulia au unapungua, huo ndo mtetemeko wa Parkinson. Ukiangalia vizuri utaona kidole gumba na cha shahada vinapishana kama mtu anayevuta tasbihi. Na unaanza upande mmoja, hata ukija kuhamia upande wa pili ule wa kwanza unabaki kuwa mbaya zaidi. Hiyo ni tofauti na yule ambaye mikono imetulia tuli mpaka ashike kikombe ndo chai inamwagika, mikono yote miwili, ukiuliza unaambiwa na babu alikuwa hivyo hivyo, huo mara nyingi ni mtetemeko wa kifamilia tu, una dawa zake nyingine kabisa. Wengine wanatetemeka kwasababu ya tezi la shingo, wengine kwa dawa za pumu. Kwa hiyo kutetemeka peke yake hakumpi mtu Parkinson.

Na kinyume chake pia, wapo wagonjwa wa Parkinson wengi tu ambao hawatetemeki hata kidogo. Hapa ndo watu wanapopotea. Sisi madaktari hatuwezi kusema mtu ana Parkinson kwa kuangalia mtetemeko, tunachotafuta ni uzito wa kuanza, yaani mwili kuchelewa kuitika na mjongeo kuzidi kuwa mdogo kadiri anavyourudia. Mwambie baba agonganishe gumba na kidole cha shahada harakaharaka mara 15 hivi, vidole vifunguke mpaka mwisho. Utaona mara tatu nne za kwanza ziko sawa, halafu vinaanza kufunguka kidogo, vinasitasita, vinataka kusimama. Mwambie aandike sentensi mbili ndefu, herufi zitaanza saizi ya kawaida zikifika mwisho wa mstari zimekuwa kama sisimizi. Akitembea mkono wa kulia haupepei, unaning'inia tu. Kufunga vifungo vya shati dakika kumi. Hayo yote ni kitu kimoja, na hata huo uso wa kununa na hiyo sauti ndogo ni hichohicho, misuli ya uso na ya koo nayo inachelewa kuanza.

Sasa kwanini. Kwa kuwa mzee ni fundi nitatumia cherehani yake. Chukua cherehani ya miguu, pedali nzima, gurudumu zima, sindano nzima, ila mkanda umelegea. Unakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inashuka kwa kusuasua, mara inanasa. Misuli ya baba ni mizima, mifupa mizima, nia anayo, mkanda ndo umelegea. Mkanda wenyewe ni kemikali inaitwa dopamini. Inatengenezwa na chembe hai (seli) zilizoko ndani kabisa ya shina la ubongo, kwenye sehemu ambayo ukiukata ubongo wa mtu mzima na afya yake utaona ina rangi nyeusi, na kwa mgonjwa wa Parkinson sehemu hiyo inakuwa imepauka kwasababu chembe zimekufa. Zinakufa polepole kwa miaka, na ubongo unajikaza, unafidia, mpaka dalili ya kwanza ionekane mkononi tayari sehemu kubwa ya chembe zile imeshaondoka. Kazi ya dopamini ni kuendesha vile vitu tunavyofanya bila kufikiri. Wewe ukitaka kunyanyuka kwenye kiti hujipangi, unanyanyuka. Baba yako sasa hivi kila kitu inabidi akiamuru mwenyewe, hatua kwa hatua, ndo maana anachoka na bado watu wanamwona mvivu.

Na muulize mama kitu. Muulize kama kabla ya huo mkono, hata miaka mitano au kumi nyuma, mzee alikuwa anapiga kelele usingizini na kurusha mateke kama anapigana na mtu, kama choo kilikuwa kigumu, kama alishaacha kusikia harufu ya samaki wa kukaanga jikoni. Sio lazima awe navyo vyote ila wagonjwa wengi wanakuwa navyo na hakuna anayeviunganisha. Nimeona wake za wagonjwa wanacheka kwanza wakiulizwa swali hilo la mateke, halafu wananyamaza wanaanza kuhesabu miaka.

Kuhusu mkono wa mtu. Simcheki baba mdogo, ugonjwa unaokuja taratibu, unakamata upande mmoja, unambadilisha mtu sura mpaka anaonekana kama ana hasira na nyumba nzima, lazima watu watafute aliyeutuma. Uganda kuna chama cha wagonjwa kinaitwa Parkinson's Si Buko, na buko kwa Waganda ni ile laana ya kutetemeka inayompata mtu aliyevunja mwiko na mkwewe, kwa hiyo jina la chama lenyewe tu ni utetezi, wanasema jamani hatujavunja mwiko wowote. Hapa kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu kama 161,000, matokeo yakachapishwa 2008, wakapata watu 33 wenye Parkinson na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote ugonjwa wao unaitwaje. Watu wa kule walikuwa wanauita tu ugonjwa wa kutetemeka, wengine wanaona ni uzee. Basi baba yako yuko mbele ya wengi, ana jina la ugonjwa.

Jina lenyewe ni la daktari wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu 1817 kuhusu wagonjwa sita, na baadhi yao hakuwatibu wala nini, aliwaona mtaani wanapita. Mimi napenda sana hiyo habari maana mpaka leo Parkinson inatambulika hivyohivyo, kwa kumwangalia mtu anavyotembea na anavyokaa. Picha ya CT ya kichwa mara nyingi inatoka safi kabisa, nasema hivi kwasababu najua kuna familia zimeuza mbuzi wawili kwa ajili ya kipimo hicho halafu zikarudi nyumbani na jibu "ubongo uko sawa" zikaamini ndo basi ni uchawi. Picha tunaiagiza pale tunapohisi kitu kingine, mfano mgonjwa wa presha aliyepata viharusi vidogovidogo, au ugonjwa umeanza ghafla, au amebadilika haraka ndani ya miezi michache.

Kuna jambo moja naomba ulihakikishe kabla hatujafika kwenye levodopa. Angalia dawa zote ambazo baba ametumia miaka hii mitatu. Zipo dawa zinazoziba dopamini na kumfanya mtu awe na Parkinson ya bandia, wa kwanza kwenye orodha ni zile za magonjwa ya akili kama haloperidol, lakini pia Plasil ya kuzuia kutapika, na cinnarizine ambayo wazee wengi wanapewa ya kizunguzungu wanaimeza miaka na miaka. Kama ipo, mwambieni daktari. Kwa maelezo yako, upande mmoja na miaka mitatu taratibu, mimi nakubaliana na daktari wenu, ila hiyo ni lazima iulizwe. Nayo Plasil ikumbuke kwasababu inarudi tena huko chini.

Sasa hao watu wa usiku. Huyo sio jini na ugonjwa wake haujafika huko, kwanza namshuku benzhexol. Ni dawa ya zamani, kabla ya levodopa ndo ilikuwepo, kwenye mtetemeko inasaidia kweli na ni rahisi kupatikana ndo maana maduka yanapenda kuitoa. Tatizo ni umri. Kwa mtu wa miaka 66 inakausha kila kitu, mdomo unakauka, mkojo unagoma, choo kinakuwa mawe, na akili inavurugika, anasahau, anaona watu au wanyama wadogo, anaongea nao. Na uzito wa kuanza haiugusi sana, kwa hiyo mmepunguza kile kinachoonekana na wageni, kile kinachomzuia kufunga vifungo kiko palepale. Usiikate ghafla leo usiku, hata hiyo kuikata ghafla ina madhara yake. Wiki hii rudini kwa daktari aliyewaandikia levodopa, mwambieni neno kwa neno kwamba anaona watu, atawapangia kuipunguza mpaka itoke. Kama hayo maono hayatoisha baada ya hapo ndo tutaanza kutafuta kingine, UTI, homa, au ugonjwa wenyewe, ambao nao baadae unaweza kuleta hali hiyo.

Levodopa. Hii ndo dawa, na kabla yake hakukuwa na dawa ya kueleweka. Msweden Arvid Carlsson alionyesha 1957 kwamba wanyama walioishiwa dopamini wakaganda, ukiwapa levodopa wanaamka wanatembea, akaja kupata Nobel mwaka 2000, na 1967 George Cotzias huko Marekani ndo akaonyesha jinsi ya kumpandishia binadamu dozi kidogokidogo bila kumuumiza. Dopamini yenyewe ukiimeza haivuki kuingia kwenye ubongo, levodopa inavuka, ikifika ndani inageuzwa kuwa dopamini. Kidonge chake kimechanganywa na kabidopa, kazi yake ni kuilinda levodopa isigeuzwe njiani kabla haijafika kichwani, maana ikigeuzwa njiani kinachobaki ni kichefuchefu tu. Ndo maana kwenye boksi mnaona namba mbili, 25/100 au 25/250. Namba ya pili ndo levodopa, kwa miligramu. Ishikeni hiyo maana nimeona mzee kabadilishiwa boksi dukani kutoka moja kwenda nyingine, idadi ya vidonge wakaacha ileile, akawa anacheza mwili mzima kama ana pepo, familia ikarudi kwa mganga.

Jirani yenu anaposema isianzwe mapema itaisha nguvu hajalitunga yeye, hata madaktari wengi walikuwa wanaamini hivyo na wapo wanaoamini mpaka leo. Ni kweli baada ya miaka kadhaa, mitano hivi kwa wengi, dawa inaanza kuwahi kuisha kabla ya dozi inayofuata na mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga wenyewe dawa ikiwa juu. Swali ni je dawa imechakaa au ugonjwa umesonga? Watafiti walichukua wagonjwa wa Ghana ambao walianza levodopa wamechelewa, wastani miaka minne na ushee toka dalili ianze, wakawalinganisha na wa Italia walioanza baada ya miwili na ushee, ikachapishwa 2014. Wale wa Ghana waliochelewa hawakupata unafuu wowote kwa kuchelewa, matatizo hayo yaliwafikia kwenye umri uleule wa ugonjwa sawa na wenzao, tofauti ilikuwa wao miaka ya mwanzo waliimaliza wakiteseka bila dawa. Kwa hiyo kuchelewesha hamumuwekei akiba baba. Kama saa hizi hawezi kufunga vifungo na kazi imemshinda, muda wa kuanza ni huu. Kuanza kwenyewe ni kwa dozi ndogo, inapanda taratibu mpaka pale anapofanya shughuli zake, dozi kubwa haiongezi heshima.

Nisiwaache mtegoni hapa. Siku za mwanzo levodopa inaweza kuleta kichefuchefu, mtaenda dukani mtaambiwa chukua Plasil, nayo Plasil inaziba hiyohiyo dopamini mnayoinunua kwa hela. Mpeni dawa na kipande cha mkate au biskuti mbili, mara nyingi inapita yenyewe baada ya siku kadhaa, ikishindikana daktari anayo nyingine isiyoingia kwenye ubongo.

Halafu kuna suala la saa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo linaloharibu matibabu ya wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa ya presha ukichelewa masaa mawili hakuna anayejua. Levodopa inakaa mwilini muda mfupi, ukichelewa nyumba nzima inajua. Familia zina maneno yao, "baba kawaka", "baba hajawaka bado", "kazima", kama pikipiki, na mimi nimeacha maneno ya kitabu natumia hayo. Basi kama imeandikwa mara tatu haina maana ya asubuhi mchana jioni vyovyote vile, ni saa maalum, mfano saa 1 asubuhi, saa 6, saa 11, wekeni alamu kwenye simu. Iliwe nusu saa mpaka lisaa kabla ya chakula, kwasababu protini ya nyama, samaki, maharage na maziwa inagombania mlango mmoja na levodopa, kwanza tumboni halafu tena pale pa kuingilia kwenye ubongo. Akila maharage ya nazi saa 6 na nusu na kidonge saa 6 na nusu, kidonge kinabaki foleni. Msimnyime protini jamani, mzee atakonda na atadhoofika, kama mnaona dawa inagoma mchana basi samaki na maharage viende zaidi usiku, mchana ale wali, ugali, mboga, matunda. Na kama anatumia vidonge vya kuongeza damu, madini ya chuma yanaikamata levodopa, viachane masaa mawili.

Kwa kuwa sijui dini yenu ila Muheza naijua, nitaje na Ramadhani. Mgonjwa anayekunywa dozi moja ya alfajiri na moja ya magharibi anaweza kuganda mchana kutwa, ashindwe hata kumeza mate, ashindwe kwenda chooni. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Mzee mwenyewe mara nyingi ndo hataki ruhusa hiyo, mwacheni aongee na shekhe wake na daktari wake mapema, Shaabani hiyo, sio usiku wa kuamkia mfungo. Kitu ambacho hakifanywi na yeyote, kwa mfungo wala kwa kuishiwa hela wala kwa kuambiwa na mchungaji tupa vidonge, ni kuikata levodopa ghafla. Mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda sana, na watu wamekufa kwa hilo. Kama boksi linaelekea kuisha na hela hamna, nenda kamwambie daktari likiwa limebaki la wiki mbili, sio siku likiisha.

Upupu sasa. Wote tunaujua upupu, mimi shuleni niliwahi kuchapwa kwa kosa la mwenzangu aliyeupaka kwenye kiti cha mwalimu. Jirani yako hajakosea kwamba una kitu, mbegu za upupu zina levodopa halisi, ileile, na Wahindi wamezitumia kwenye tiba zao tangu zamani sana. Bolivia walifanya utafiti wa wagonjwa 18, ukachapishwa 2017, unga wa mbegu zilizokaangwa ukafanya kazi bila mchezo, mtu anawaka vizuri tu. Walipojaribu kuutumia kila siku kwa wiki kadhaa nusu ya watu waliacha, wengine tumbo liliwasumbua, wengine mwili ukarudi nyuma. Tatizo langu na unga wa jirani ni kwamba hakuna anayejua kijiko hicho kina levodopa kiasi gani, mbegu za shamba hili sio sawa na za lile, na ndani yake hakuna kabidopa. Unapewa dawa kali isiyo na namba kwenye boksi. Kama hamuwezi kabisa kupata vidonge, jambo hilo lijadiliwe na daktari anayekubali kuliongelea bila kuwafokea. Kuchanganya vyote viwili kimyakimya ndo hatari kubwa, baba atazidishiwa na daktari hatajua kwanini.

Unapona? Hapana. Hakuna dawa, upasuaji wala mwiba wa mganga unaorudisha zile chembe au kusimamisha zinazoendelea kufa. Kuna upasuaji wa kuweka nyaya ndani ya ubongo na betri kifuani, unasaidia baadhi ya watu ambao levodopa bado inawashika ila wanawaka na kuzima mno, nao hauponyi. Lakini usisikie "hauponi" ukasikia "anakufa". Ni ugonjwa wa kwenda nao miaka. Muhammad Ali aliambiwa 1984 na akaishi mpaka 2016. Miaka ya mwanzo ya dawa kwa wengi ni miaka ya neema, mtu anarudi kwenye shughuli zake. Baadae inakuja kuyumba, kuanguka, miguu kuganda mlangoni, kukabwa na chakula, kusahau, na kinachowaondoa wengi hasa ni nyonga iliyovunjika na nimonia ya chakula kilichopita njia ya hewa, vitu ambavyo vinaweza kusogezwa mbele kama watu wako macho. Uji mzito unamezeka salama kuliko chai nyepesi, akae wima, asiongeleshwe akimeza. Akisimama kutoka kitandani akae kwanza kidogo ukingoni maana presha inashuka, na kama anameza dawa za presha za zamani muulizeni daktari kama bado anazihitaji zote. Maji ya kutosha na papai kwa ajili ya choo, choo kikifunga hata levodopa inachelewa kufika.

Na huzuni. Hii mnaikosa kwasababu uso hauonyeshi, mnasema baba kanuna, kumbe uso umeganda na ndani ana huzuni kweli, au hana kabisa na mnamtendea kama mtu mwenye kisirani. Huzuni ya Parkinson nayo inatoka kwenye ubongo uleule, ina dawa.

Nyie watoto. Parkinson iliyo nyingi hairithiwi moja kwa moja. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtu mwingine, bado ni mdogo, na hakuna kipimo ninachokushauri ukimbilie. Sisi Waafrika tulikuwa tumesahaulika kwenye tafiti hizi mpaka 2023 walipotoa moja kubwa, wengi walikuwa Wanigeria na Wamarekani weusi, wakakuta badiliko kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo GBA1 ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Linaongeza uwezekano, haliamui. Jambo la mazingira ambalo ningelisema kwa watu wa mashambani huko kwenu ni dawa za kuulia magugu, hasa paraquat, tafiti nyingi zimeihusisha na ugonjwa huu, mkipuliza vaeni glavu na mask, na dumu lake lisije likatumika kuchotea maji.

Mazoezi sijayasema kwasababu mngeyachukua kama nyongeza, kumbe ni nusu ya tiba. Sio kumkanda mafuta amelala, yeye mwenyewe atembee mpaka ahemee, kila siku, dawa ikiwa imeshika. Na mapigo. Mtu wa Parkinson akipewa mapigo ya nje anapita pembeni ya ule mkanda uliolegea. Miguu ikiganda mlangoni msimvute mkono, ataanguka, mwambieni asimame kwanza, ahesabu moja mbili tatu aanze, au mtu aweke mguu mbele yake aruke, au pigeni mistari ya chaki sakafuni avuke mstari mmoja mmoja. Mnaweza kushangaa aliyekuwa amegota anapita kama kijana. Daktari mmoja wa Uholanzi, Bastiaan Bloem, alichapisha 2010 habari ya mzee asiyeweza kutembea hatua mbili bila kuganda, wakampa baiskeli, akapanda akaendesha kama hana ugonjwa, aliposhuka akaganda palepale. Wenyewe hawakuamini alipowaambia kwamba anaendesha baiskeli.

Ndo nakuja kwenye cherehani, na kile nilichokitafuta kwenye meseji yako. Umeniambia baba mdogo anasema nini, jirani anasema nini, kaka anataka nini, mpaka duka la dawa. Baba mwenyewe kasema nini? Hakuna hata neno lake moja. Sikulaumu, hivi ndo ugonjwa huu unavyofanya, sauti inashuka, jibu linachelewa sekunde tano sita, uso hausemi chochote, watu wanadhani hajasikia au hana maoni, wanaendelea na mazungumzo. Cherehani ya kukanyaga ni mapigo ya miguu, haiko mbali na ile baiskeli ya Mholanzi. Sikuahidi kwamba atashona suti, kutunga uzi kwenye sindano mtamtungia nyie, ila kupiga mstari mnyoofu kwenye pazia nisingeshangaa akiweza, na hata akishindwa kushona kukanyaga kwenyewe ni mazoezi. Msiiuze kabla hajajaribu akiwa kwenye levodopa kama miezi miwili mitatu.

Mkienda kliniki mpelekeeni daktari video mbili za simu, moja kabla ya kidonge cha asubuhi, nyingine kikishashika, anatembea, anageuka, anafungua na kufunga vidole, na karatasi yenye dawa zote na saa anazozimeza, pamoja na za mganga, msizifiche. Na hilo la cherehani muulizeni baba, lisaa limoja hivi baada ya kumeza, redio imezimwa, mtu mmoja tu aulize, halafu mkae kimya mpaka ajibu.